Kukimbia Taratibu Siku Nyepesi Ukijiandaa kwa Maratoni: Mwongozo wa Anayeanza

Kila msimu wa maandalizi ya maratoni unapoanza, maswali ni yaleyale. Taratibu maana yake ni taratibu kiasi gani? Mbona mapigo ya moyo yanapanda hata nikijikokota? Nitakimbiaje kilomita 42.195 kwa kasi ikiwa siku nyingi za wiki nafanya mchakamchaka tu? Majibu yako hapa chini, kwa mpangilio wa kuyatenda. Yasome yote mara moja, kisha anza na hatua ya kwanza. Usiruke.

Siku nyepesi ni siku yoyote ambayo ratiba yako haikuandikia intavali (vipande vya kasi vyenye mapumziko katikati), mbio za vilima wala kilomita za mwendo wa mashindano. Mbio ndefu ya wikiendi nayo huhesabiwa humo, isipokuwa kama ratiba imesema wazi kwamba sehemu yake ikimbiwe kwa kasi.

Nadharia tuimalize kwa aya moja. Mwendo mwepesi huimarisha moyo, huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na huuzoesha mwili kuchoma mafuta ili akiba ya wanga idumu zaidi. Ukiongeza mwendo kidogo juu ya hapo, faida hiyo haikui kwa kiasi cha maana, ila uchovu unakua, na kesho yake unaingia kwenye zoezi gumu miguu ikiwa tayari imechoka. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi zake Norwei, alipochambua mazoezi ya wanariadha wa ngazi ya juu katika michezo ya ustahimilivu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Hao ndio wenye kasi kuliko sisi sote, na sehemu kubwa ya wiki yao wanakwenda taratibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Saa yoyote inayohesabu dakika. Yenye GPS na kipima mapigo itarahisisha kazi, lakini si sharti.
- Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo, ukiweza kuupata. Ni sahihi zaidi kuliko kipimo cha kifundo cha mkono.
- Matokeo ya mbio moja ya karibuni, ya kilomita 5 au 10, yasiyozidi wiki 8. Kama huna, chagua siku uliyopumzika vizuri, pasha mwili kwa dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 kwenye tambarare kwa nguvu zako zote na uandike muda.
- Njia tambarare ya kutosha dakika 30 au zaidi, isiyo na taa za barabarani wala vizuizi vya kukusimamisha mara kwa mara.
- Daftari.
- Viatu vyako vya kawaida vya kukimbilia. Vyenye bamba la kaboni ndani ya soli viweke kwa ajili ya mashindano na mazoezi ya kasi.

Ukiwa na ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au unatumia dawa za kila siku, muone daktari kwanza. Dawa za aina ya beta bloka hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo hesabu za mapigo zilizo hapa chini hazitakufaa. Wewe tegemea jaribio la kuzungumza, hatua ya 3.

Hatua 1: Piga hesabu ya mwendo wako

Chukua mwendo wako wa wastani katika mbio za kilomita 10, kisha ongeza sekunde 75 hadi 120 kwa kila kilomita. Aliyekimbia kilomita 10 kwa dakika 50 alikwenda 5:00 kwa kilomita, basi siku nyepesi akimbie kati ya 6:15 na 7:00. Kama ulicho nacho ni matokeo ya kilomita 5, ongeza sekunde 90 hadi 135.

Hakiki hesabu hiyo kwa mwendo wa maratoni. Mtu ambaye leo anaweza kumaliza maratoni kwa saa 4 huenda kama 5:41 kwa kilomita, na siku nyepesi zake, takriban sekunde 45 hadi 90 taratibu zaidi kwa kilomita, huangukia kati ya 6:25 na 7:10. Neno lenye uzito hapo ni "leo". Kosa linaloharibu maandalizi ya wengi ni kupiga hesabu kwa muda wanaoutamani badala ya muda walio nao. Tuseme mtu huyohuyo wa saa 4 anaota saa 3 na nusu, yaani 4:59 kwa kilomita. Akiutumia mwendo wa ndoto, siku yake nyepesi itaanzia 5:45, sekunde nne tu kutoka mwendo wake halisi wa maratoni. Huyo anafanya mashindano madogo kila asubuhi huku daftari lake likiandika "nyepesi".

Namba za chini na za juu zote ni halali. Siku iliyofuata zoezi gumu, kaa upande wa taratibu zaidi, au hata chini yake. Hakuna mwendo ulio wa taratibu kupita kiasi siku hiyo, mradi bado unakimbia kwa mwili uliosimama vizuri.

Hatua 2: Weka dari ya mapigo

Kwanza, kadiria mapigo yako ya juu kabisa: zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa jibu kutoka 208. Mwenye miaka 40 anapata 180.

Pili, pima mapigo ya kupumzika. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Rudia asubuhi tatu, tafuta wastani. Tuseme ni 60.

Tatu, toa 60 kutoka 180, unabaki na 120. Asilimia 70 ya 120 ni 84. Ongeza 60, unapata 144. Hiyo ndiyo dari, namba ambayo mapigo yako yasiivuke siku nyepesi. Ukitumia asilimia 60 unapata 132, ambayo ni namba nzuri ya siku ya kurejesha nguvu baada ya zoezi gumu au mbio ndefu.

Hesabu ya umri ni makadirio tu. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Ndiyo maana mwamuzi wa mwisho ni hatua inayofuata.

Hatua 3: Jifunze jaribio la kuzungumza

Kila baada ya dakika 10, sema kwa sauti ya kawaida sentensi ya maneno saba au nane bila kukatisha ili uvute pumzi. Ukiwa peke yako, hesabu kwa sauti: ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Ukizifikisha zote tatu kwa pumzi moja na bado una hewa, uko sawa. Pumzi ikikatika kabla hujamaliza ishirini na mbili, umeshavuka mpaka. Punguza papo hapo.

Sema kwa sauti kweli. Kujisemea moyoni hakupimi kitu.

Saa ikisema 150 lakini unaongea bila shida, na hali iko hivyo siku kadhaa mfululizo, huenda dari uliyokokotoa ni ya chini mno kwako. Ipandishe kwa mapigo 3 hadi 5 na uendelee kuchunguza. Saa ikisema 135 na huwezi kumaliza sentensi, iamini pumzi yako.

Hatua 4: Panga saa ikusaidie, isikuchokoze

Ondoa mwendo wa kilomita kwenye ukurasa mkuu wa saa. Acha vitu viwili tu: muda uliopita na mapigo. Weka mlio wa tahadhari kwenye dari yako. Kama saa yako hutoa taarifa ya kila kilomita, izime siku nyepesi.

Kisha andika ratiba ya siku nyepesi kwa dakika, si kwa kilomita. Ukiandika "kilomita 8", kichwa kitatafuta njia ya kuzimaliza mapema. Ukiandika "dakika 50", hata ukimbieje zitabaki 50, na hamu ya kuharakisha inakosa sababu.

Hatua 5: Zilinde dakika 15 za kwanza

Hapa ndipo siku nyingi nyepesi huharibika. Unatoka ukiwa umepumzika, mwili unadai kukimbia, na mapigo bado yako chini kwa sababu moyo huchelewa kuufuata mwendo. Unaona 118 kwenye saa, unajiambia kuna nafasi, unaongeza. Dakika ya 12 saa inalia, na kuanzia hapo unapambana kuyashusha mapigo yaliyokwisha kupanda. Kuyashusha ni kazi kubwa kuliko kuyazuia yasipande.

Fanya hivi. Tembea kwa dakika 3 hadi 5. Anza kukimbia kwa mwendo wa chini kabisa ambao bado ni kukimbia. Kilomita ya kwanza iwe taratibu kwa sekunde 30 hadi 60 kuliko mwisho wa chini wa hesabu yako; mwenye 6:15 hadi 7:00 aanze na 7:30 au hata 8:00. Usiangalie mapigo kabla ya dakika ya 10. Baada ya hapo acha mwendo upande wenyewe kidogokidogo ukitaka kupanda. Siku ikikataa, baki huko chini.

Hatua 6: Fupisha hatua, usizinyooshe

Wengi wakiambiwa wapunguze mwendo huendelea na hatua zilezile ndefu, ila wanazipiga polepole. Mwili unaruka juu na chini, kisigino kinatua mbele mno na kuwa breki, na baada ya wiki mbili magoti na miundi inauma. Kisha wanasema kukimbia taratibu kunawaumiza. Kilichowaumiza ni urefu wa hatua.

Hatua iwe fupi na nyepesi, mguu utue karibu na chini ya nyonga. Simama wima, mabega yashuke, viganja vilegee. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa ardhi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 40, ni hatua 160 kwa dakika. Wengi hujikuta kati ya 155 na 170 siku nyepesi. Ukiwa chini ya 150, fupisha hatua, uone mwendo unabaki uleule huku mishindo ikipungua nguvu.

Hatua 7: Shika juhudi ileile njia ikibadilika

Kwenye mlima, mwendo lazima ushuke. Fupisha hatua, na kama sentensi inakatika, tembea mpaka kileleni. Ukiteremka, usijaribu kufidia muda uliopotea. Mteremko wa kasi huchosha misuli ya mapaja, na uchovu huo hukaa siku mbili tatu.

Upepo wa mbele, mchanga, matope na joto vyote vichukulie kama mlima. Siku ya joto kali mwendo unaweza kushuka kwa sekunde 30 au zaidi kwa kilomita huku juhudi ikiwa ileile. Andika joto hilo kwenye daftari, la sivyo baada ya wiki utasoma namba hizo na kudhani umerudi nyuma.

Hatua 8: Saa ikilia

Usipuuze, wala usisimame ghafla. Kwanza punguza mwendo na fupisha hatua kwa dakika moja. Mapigo yasiposhuka, tembea mpaka yawe 10 chini ya dari, kisha anza tena taratibu. Wiki za mwanzo unaweza kutembea mara sita hadi kumi ndani ya dakika 40. Ni kawaida kabisa kwa anayeanza, na kila kipande cha kutembea bado kinahesabika ndani ya dakika zako.

Hatua 9: Malizia kama ulivyokuwa ukienda

Kilomita ya mwisho isiwe ya kufukuza wastani mzuri. Dakika 5 za mwisho ziwe sawa na zilizotangulia au taratibu zaidi. Ukifika, jiulize: ningeambiwa nirudie mbio hizi sasa hivi, ningeweza? Kama jibu ni hapana, andika daftarini kwamba ilikuwa nzito, hata kama mapigo yalikuwa chini ya dari.

Mara moja au mbili kwa wiki, baada ya mbio nyepesi, ongeza mikimbio mifupi 4 hadi 6 ya sekunde 20: kasi, lakini mwili umelegea, si mbio za kufa na kupona. Kati ya mmoja na mwingine tembea sekunde 60 hadi 90. Hiyo huifanya miguu isisahau kasi, na ni fupi mno kuweza kukuchosha.

Hatua 10: Panga wiki nzima

Kwa mtu wa siku tano: Jumatatu pumzika. Jumanne dakika 45 nyepesi. Jumatano zoezi gumu. Alhamisi dakika 40 nyepesi, upande wa taratibu zaidi. Ijumaa pumzika. Jumamosi dakika 30 nyepesi na mikimbio mifupi. Jumapili mbio ndefu, nyepesi. Kuhamisha siku ni ruhusa. Kilichokatazwa ni siku mbili ngumu kufuatana, na kuigeuza Alhamisi kuwa ngumu kwa sababu Jumatano "haikwenda vizuri". Zoezi lililoharibika haliendi kulipwa siku nyepesi.

Kikundi nacho kinahitaji uamuzi. Watu wanne wakikimbia pamoja, mwendo hupanda bila yeyote kukusudia, kila mmoja akitangulia nusu hatua. Kimbia na mtu wa mwendo wako au wa chini yako, au waambie wenzako kabla hamjaondoka kwamba leo utabaki nyuma. Kisha baki nyuma kweli.

Hatua 11: Pima kila wiki nne

Njia ileile, saa ileile ya siku, hali ya hewa inayokaribiana. Pasha mwili kwa dakika 10, kisha kimbia dakika 30 ukiyashikilia mapigo ndani ya upana wa namba tano, tuseme 138 hadi 142. Andika umbali uliofika. Umbali ukiongezeka kwa mapigo yaleyale, mazoezi yanafanya kazi. Mabadiliko huchukua muda, mara nyingi wiki 6 hadi 8 kabla hujayaona wazi, kwa hiyo usipime kila wiki na kuhangaika.

Mambo yakienda kombo

*Mapigo yako juu tangu dakika ya kwanza, 165 au 170, na wewe huhemi.* Shuku kipimo kwanza. Kipima mapigo cha kifundo cha mkono wakati mwingine hunasa mdundo wa hatua zako na kuuonyesha kana kwamba ni moyo. Ukiona namba inakaribiana na hatua zako kwa dakika, ndicho kilichotokea. Kaza mkanda wa saa, isogeze saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo. Mkanda wa kifuani nao hudanganya ukiwa mkavu, hivyo ulowanishe sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuuvaa. Ukiwa bado na shaka, simama, weka vidole shingoni, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

*Kipimo ni sahihi na mapigo bado yanapita dari hata kwa mwendo wa kujikokota.* Kwa anayeanza hili ni la kawaida. Panga dakika 2 za kukimbia na 1 ya kutembea, ongeza sehemu ya kukimbia kwa dakika moja kila wiki. Kama hukuwa hivyo zamani na hali imekuja ghafla, angalia usingizi, homa, upungufu wa maji, kahawa, na msongo wa mawazo.

*Mapigo yanapanda nusu ya pili ya mbio ndefu ilhali mwendo haujabadilika.* Mapigo hupanda yenyewe mwili unapopata joto na kupoteza maji. Kupanda kidogo kunavumilika. Ukiona yanazidi dari na sentensi inakatika, punguza mwendo. Ikitokea mara kadhaa mfululizo, fupisha mbio hiyo kwa dakika 15 na uangalie unakunywa nini njiani.

*Mapigo yako chini ajabu, miguu mizito kama magogo.* Usilichukulie hili kama ruhusa ya kuongeza. Mara nyingi ni uchovu uliolimbikizana. Ruka siku moja, au kimbia dakika 20 tu.

*Mapigo ya kupumzika asubuhi yamepanda kwa 7 au zaidi juu ya kawaida yako, siku mbili mfululizo.* Pumzika mpaka yashuke.

*Vigimbi na kano ya kisigino vinauma tangu uanze kukimbia taratibu.* Rudi hatua ya 6. Pia angalia kama umejilazimisha kutua kwa vidole; acha mguu utue unavyotaka, mradi uko chini yako.

*Wiki 8 zimepita, kipimo cha dakika 30 hakijasogea.* Soma daftari kwa uaminifu. Hesabu ni siku ngapi nyepesi ulivuka dari kwa zaidi ya dakika 5. Kama ni nyingi, hilo ndilo jibu. Kama si nyingi, basi huenda dakika zako za wiki ni chache mno. Ongeza dakika 5 hadi 10 kwenye siku mbili nyepesi, mwendo usiuguse.

*Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kurukaruka bila mpangilio, au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida.* Simama. Usimalizie mbio hizo, na umuone daktari kabla ya kukimbia tena.

*Wiki mbili za mwisho kabla ya maratoni mwendo mwepesi unaonekana mwepesi kupita kiasi.* Umepunguza mazoezi na miguu imepata pumziko, lazima ijisikie hivyo. Fupisha siku nyepesi ziwe dakika 25 hadi 35, dari iache palepale, na saa iendelee kukuficha mwendo mpaka asubuhi ya mashindano.